Zawadi, Adhabu na Heshima ya Mtoto Katika Darasa la Mtandaoni

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa madrasa na wazazi waliokusanyika Mbeya mjini kuzungumzia madarasa ya Qur'ani ya watoto wa shule ya msingi yanayofundishwa kwa simu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu wa Iringa, Njombe na Songwe ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Masheikh wetu, maustadhi, walimu wenzangu, akina baba na akina mama, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawashukuru mliotoka mbali. Najua wamo humu walioondoka Makambako kabla ya alfajiri na baridi hii, na wamo waliopanda gari Tunduma na Kyela. Allah awalipe kwa kila hatua.

Nimeombwa nizungumzie zawadi na adhabu. Nina jambo moja tu la kuwaambia, na hadithi zote nitakazowasimulia zinarudi hapo hapo: mtoto asifiwe mbele za watu, arekebishwe kwa siri, na alichoahidiwa apewe. Haya matatu masheikh wetu waliyajua kabla ya umeme. Sisi tumeingia mtandaoni tukayageuza. Kosa la mtoto tunalitangaza, sifa zake tunazigawa bila kuzifikiria, na ahadi tunaisahau.

Machi 2020, shule zilipofungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, wengi wetu tulianza kufundisha kwa simu kwa kubahatisha. Shule za msingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni mwaka ule ule, watoto wakarudi, lakini madarasa ya simu hayakufa. Kwa nini hayakufa? Kwa sababu Waislamu wa Nyanda za Juu Kusini tumetawanyika. Yupo mtoto kwenye kambi ya shamba la chai Mufindi ambaye kwenda madrasa iliyo karibu ni nauli ya kwenda na kurudi, na nauli hiyo baba yake hana kila siku. Yupo mwingine Ludewa, Waislamu pale mtaani kwao ni familia yao na ya jirani mmoja. Mtoto huyo akishika simu ya mama yake baada ya Magharibi, amepata maalim. Hii ni neema kubwa, ndugu zangu, na mimi ni katika wanaomshukuru Allah kwayo kila siku. Ndiyo maana inaniuma tunapoichezea.

Tuanze na fimbo, maana najua ndiyo iliyo vichwani mwa wengi.

Wapo wanaosema: mtandaoni fimbo haifiki, ndiyo maana watoto hawasikii. Na ukiwauliza dalili wanakutajia hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba tuwaamrishe watoto kusali wakiwa na miaka saba, na tuwapige kwa kuiacha wakiwa na miaka kumi. Hadithi hiyo tunaijua. Hatuikwepi. Lakini naomba tuisome yote, tusirukie mwisho wake.

Kati ya saba na kumi kuna nini? Kuna miaka mitatu. Kila siku sala tano. Pigeni hesabu: mtoto anaambiwa "mwanangu, twende tukasali" zaidi ya mara elfu tano kabla adhabu haijatajwa. Elfu tano! Wewe mwalimu, umemkumbusha mwanafunzi wako mara ngapi azime maiki kabla hujampandishia sauti? Mara mbili? Mara tatu? Na hadithi inazungumzia nini? Inazungumzia sala, nguzo ya dini, na mtoto aliyefika miaka kumi. Haizungumzii mtoto wa miaka minane aliyejikwaa katika Suratul Humaza. Na hata hapo kwenye sala, wanazuoni waliweka mipaka: asipigwe usoni, asiumizwe, asipigwe na mtu mwenye hasira. Mipaka hiyo tunaifuata sisi, au tunaikumbuka hadithi tu?

Na huyo aliyetuachia hadithi hiyo, yeye mwenyewe aliishi vipi na watoto? Bibi Aisha, Allah amridhie, amesema kwamba Mtume hakuwahi kupiga kitu kwa mkono wake, si mwanamke wala mtumishi, isipokuwa akiwa vitani katika njia ya Allah. Imo katika Sahihi Muslim. Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi tangu akiwa mtoto, akasema: hakuwahi kuniambia "aah", wala kwa nililolifanya "kwa nini umelifanya", wala kwa nililoliacha "kwa nini hukulifanya". Miaka kumi! Mtoto wa nyumbani, anatumwa, anasahau, anachelewa njiani akitazama wenzake wanacheza. Sisi ndani ya somo moja la dakika arobaini tunasema "kwa nini" mara ngapi?

Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika kuhusu mtoto anayelelewa kwa ukali na kutenzwa nguvu. Alisema furaha ya nafsi yake huondoka, huwa mvivu, na hujifunza uongo na hila, yaani huonesha lisilokuwa moyoni mwake kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Walimu wenzangu, nani humu hajamwona mtoto huyo? Ukimwuliza "umeelewa?" anaitikia "ndiyo ustadh" kabla swali halijaisha.

Na kwa shule zetu za kawaida, hata serikali haikuiacha fimbo iwe ya kila mtu. Kanuni zinasema mwalimu mkuu ndiye mwenye idhini, au yule aliyemruhusu, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu inayomtesa au kumdhalilisha mtoto. Wenyeji wa Mbeya hatuna haja ya kukumbushwa Oktoba 2016, pale video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi ilipozunguka nchi nzima, na jina la mji wetu likazunguka nayo.

Sasa nirudi kwa anayesema fimbo haifiki mtandaoni. Ndugu yangu, inafika.

Nitawaeleza. Mwalimu mmoja, namheshimu, anafundisha kwa bidii, alikuwa na kawaida ya kutuma orodha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kila Ijumaa usiku. Waliohifadhi aya zao juu, wasiohifadhi chini, majina kamili. Baba mmoja dereva wa lori alikuwa njiani, akaiona orodha akiwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Jina la mwanawe lilikuwa chini kabisa. Wazazi wenzake wameliona, jamaa zake wameliona. Alipofika nyumbani hakumwuliza mtoto kitu. Wiki iliyofuata mtoto akaingia darasani na kamera imezimwa. Mwalimu akamwambia washa kamera. Sauti ya mama ikajibu, "Leo kamera mbovu, mwalimu." Siku ya pili, kamera mbovu. Siku ya tatu, kamera mbovu. Baadaye mama yule ndiye aliyempigia mwalimu pembeni akamwambia ukweli: mtoto alikuwa na alama shavuni.

Mwalimu hakushika fimbo. Lakini fimbo ilitoka kwenye ujumbe wake. Na Mtume ametuambia kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Tutaulizwa pia kuhusu ujumbe tunaoutuma saa tatu usiku na yanayotokea nyumbani baada ya kusomwa.

Ninachowaomba ni chepesi. Ujumbe wa mtoto uende kwa mzazi wa mtoto huyo peke yake. Uanze na alichokifanya vizuri, na lazima kiwepo, mtafute mpaka umpate nacho. Kisha useme kinachohitaji kurekebishwa, kitu kimoja. Kisha umwambie mzazi la kufanya: "Baba Fulani, msikilize aya ya tatu na ya nne kila baada ya Maghribi wiki hii." Mzazi aliyepewa kazi ya kufanya hatafuti kiboko. Mzazi aliyepewa aibu tu ndiye anayekitafuta.

Hilo linanipeleka kwenye jambo la pili: aibu.

Darasa la madrasa ya kawaida lina kuta. Mtoto akikosea, wanaosikia ni wenzake na maalim. Darasa la simu halina kuta. Watazameni watoto kwenye skrini zenu. Huyu anaonekana paji la uso tu na bati la dari. Huyu amekaa mlangoni kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika, amejifunika shuka kwa baridi, mdogo wake kamlalia begani. Mwingine akifungua maiki tunasikia mama anakaanga, redio ya mpangaji mwenzao, na shangazi anauliza chumvi iko wapi. Unapomkemea mtoto huyo umemkemea mbele ya nani? Umemkemea mbele ya mama, mpangaji, shangazi, na mbele ya nyumba nyingine zote ambazo simu zimewekwa spika. Na kila mwenye simu anaweza kurekodi.

Mzazi mmoja wa Iringa alinisimulia yaliyomkuta mwanawe wa darasa la tatu. Alikuwa anasoma, akababaika kwenye neno moja, akalirudia vibaya mara kadhaa. Mwalimu akasema, "Wenzako wote wamehifadhi, wewe tu." Mtu kwenye nyumba nyingine akarekodi kile kipande, kikaingia kwenye simu za watoto wakubwa, na lile neno alilokosea likawa jina lake. Aliitwa jina hilo mtaani Kihesa, akaitwa jina hilo shuleni. Neno la Qur'ani limegeuzwa jina la kumcheka mtoto! Allah anasema nini katika Suratul Hujurat, aya ya kumi na moja? Watu wasiwadharau watu wengine, huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao, wala msivunjiane heshima, wala msiitane kwa majina ya kejeli. Mtoto yule hakufungua tena maiki kwa muda mrefu. Si kwamba alikuwa hajui kusoma. Alikuwa anajua, na akaamua kunyamaza.

Sikilizeni sasa Muawiya bin al-Hakam as-Sulami, mtu mzima, mgeni katika dini. Alikuwa akisali nyuma ya Mtume, mtu mmoja akapiga chafya, naye akamwambia kwa sauti "yarhamukallah", yaani Allah akurehemu, ndani ya sala. Watu wakamkodolea macho. Akasema tena, "Mna nini mnanitazama?" Wakaanza kupiga mapaja yao kumnyamazisha. Hebu jiwekeni mahali pake. Sala ilipokwisha Mtume akamfundisha kwamba sala haifai ndani yake maneno ya watu, bali ni tasbihi, takbira na kusoma Qur'ani. Basi. Na Muawiya akasema, maana ya maneno yake: sijaona mwalimu kabla yake wala baada yake aliyefundisha vizuri kuliko yeye, wallahi hakunikemea, hakunipiga, hakunitukana.

Hakunikemea, hakunipiga, hakunitukana. Na somo? Somo lilifika au halikufika? Lilifika mpaka likatufikia sisi Mbeya.

Imamu Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, aliwapangia wazazi na walimu utaratibu ambao mimi naufuata darasani kwangu, na sijaona ulio bora kwa madarasa ya simu. Mtoto akionesha tabia njema, anatukuzwa, anapewa cha kumfurahisha, anasifiwa mbele za watu. Akikosea mara moja, mwalimu anajifanya hakuona, hamfichui, hasa mtoto mwenyewe akijitahidi kulificha kosa lake. Akirudia, anaonywa kwa siri. Na asilaumiwe kila saa, maana masikio yakizoea lawama, lawama haiingii tena moyoni.

Kwenye simu hilo linafanyikaje? Ni rahisi kuliko darasani! Darasani, kumwita mtoto pembeni kila mtu anaona. Kwenye simu unamaliza somo, unawaaga wote, unamwambia mama yake, "Naomba nibaki naye dakika mbili." Hakuna aliyejua. Simu iliyotupa njia ya kumfedhehesha mtoto ndiyo hiyo hiyo inayotupa faragha ya kumrekebisha. Kwa nini tunaitumia kwa lile la kwanza tu?

Kuzima maiki ya mtoto mwenye kelele si adhabu, ni kutengeneza darasa, na mwambieni hivyo ili asihisi amefungiwa. Lakini kumtoa darasani ni kitu kingine. Mtoto wa miaka saba ukimtoa, skrini inabadilika ghafla na yeye hajui kama bando limeisha, mtandao umekatika au mwalimu amemfukuza. Anabaki anaitazama simu. Anaigeuza. Anamwita mama. Ukiona pana haja ya kumpumzisha, zungumza na mzazi kwanza, na mtoto aambiwe kwa maneno kwa nini na anarudi lini. Mimi watoto walio chini ya miaka kumi siwatoi kabisa.

Na aliyekosa bando hana kosa. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu naona watoto wanaandikwa watoro. Mvua imepiga Rungwe, umeme umekatika, simu ya mjomba imeondoka na mjomba. Allah haikalifishi nafsi yoyote ila kwa kadiri ya uwezo wake. Sisi ni nani tuikalifishe?

Tuje kwenye zawadi, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanadhani zawadi haina madhara.

Je, Uislamu unakubali mtoto apewe kitu ili afanye ibada? Ndiyo. Rubayyi bint Mu'awwidh amesimulia kwamba walikuwa wakiwafungisha watoto wao saumu ya Ashura, wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akililia chakula anapewa kile kichezeo mpaka wakati wa kufuturu. Wale ni maswahaba. Hawakusema "mtoto afunge kwa ikhlasi peke yake". Walijua mtoto ni mtoto.

Lakini nataka mumsikie mtoto mmoja, Amr bin Salama. Watu wake walikaa penye maji, njiani, wapita njia wanapumzika hapo. Hakukuwa na maalim. Mtoto huyu akawa anawasikiliza wasafiri wakisoma aya za Qur'ani walizozisikia, anazishika, anazishika. Kabila lake liliposilimu baada ya kufunguliwa Makka, baba yake akarudi kutoka kwa Mtume na agizo: awasalishe mwenye Qur'ani nyingi kuliko wote. Wakatafuta, wakatafuta, hawakumpata aliyemzidi Amr. Alikuwa na miaka sita au saba.

Watoto wa Igawa na Chimala mnaosoma kwa simu pembeni ya barabara kuu, mmemsikia mwenzenu?

Basi Amr akawasalisha. Nguo yake ilikuwa fupi, akisujudu inapanda. Mwanamke mmoja akasema, hamtufunikii msomaji wenu? Watu wakanunua kitambaa wakamkatia kanzu. Amr anasema, na ni katika Sahihi Bukhari: sikuwahi kufurahia kitu kama nilivyoifurahia kanzu ile.

Itazameni zawadi hiyo. Hakuahidiwa kabla, kwa hiyo hakuhifadhi ili apate kanzu. Ilikuja baada ya kazi. Ilimsitiri penye upungufu. Na waliotoa ni jamaa nzima, kwa hiyo alijua kijiji chote kinamthamini. Linganisheni na sisi. Mtoto akisema "naam" nyota, akifungua kamera nyota, akifunga maiki nyota. Mwisho wa mwezi ana nyota mia na hajui hata moja aliipata kwa nini. Mtoto mmoja wa darasa la pili aliwahi kumwuliza mwalimu, "Ustadha, aya hii ina nyota ngapi?" Kabla ya kuisoma! Alipoambiwa haina, akasema basi tusome nyingine. Mtoto yule si mbaya. Sisi tumemzoesha kuuza.

Kwa hiyo nyota ziwe chache, na kila moja iwe na sababu inayotamkwa: "Nakusifu kwa sababu jana ghunna, ile sauti ya puani, hukuitoa, leo umeitoa." Mtoto akikua nazo, zipungue. Na zipo zawadi zisizo na gharama ambazo tumeziacha. Ibn Abbas akiwa mvulana alimwekea Mtume maji ya kutawadhia bila kuagizwa. Mtume akauliza nani aliyeyaweka, akaambiwa, akamwombea: Ewe Allah, mfahamishe dini. Zawadi ikawa dua, na dua hiyo ikatoa mwanachuoni wa umma huu. Nani kati yetu anamwombea mwanafunzi kwa jina lake, maiki ikiwa wazi, mama yake akisikia nyuma ya simu? Jaribuni. Mtazameni yule mama.

Kisha ahadi. Abdallah bin Amir amesimulia: mama yake alimwita akiwa mtoto, "Njoo nikupe", na Mtume alikuwa amekaa nyumbani kwao. Akamwuliza mama, ulitaka kumpa nini? Akasema, tende. Akamwambia, lau usingempa kitu, ungeandikiwa uongo. Tende moja! Na sisi tunaahidi msahafu, tunaahidi begi, tunaahidi "mshindi wa Ramadhani", kisha Ramadhani inapita na kundi linanyamaza. Mtoto hasahau, ndugu zangu. Usiahidi usichokuwa nacho mkononi. Ahidi daftari, ulitoe. Wenzetu wachache hapa mjini wanatia penseli na daftari kwenye bahasha ya kaki, wanaandika juu jina la mtoto kwa Kiarabu, wanampa kondakta wa basi, na mzazi anaipokea stendi. Mtoto wa Mafinga anaipokea bahasha yenye jina lake imesafiri kutoka Mbeya. Shuhuda wangu ni wazazi waliomo humu: penseli hiyo haichongwi kwa wiki nzima.

Na uadilifu. Nu'man bin Bashir alipewa zawadi na baba yake, baba akaenda kutaka Mtume awe shahidi. Akaulizwa: umewapa watoto wako wote kama hivi? Akasema hapana. Akaambiwa: mcheni Allah na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu. Nimeziona orodha za "mwanafunzi bora wa wiki". Kila wiki majina yale yale, na majina hayo ndiyo yenye wifi nyumbani na simu yao wenyewe. Mtoto anayeazima simu atashinda lini? Mpimeni mtoto kwa alipokuwa jana.

Jambo dogo kwa wazazi: msimpe mtoto zawadi ya kucheza gemu kwenye simu ile ile akimaliza kusoma. Atausoma msahafu mbio mbio, akili iko kwenye gemu. Mwacheni atoke nje acheze. Ghazali amesema mtoto aachiwe mchezo mzuri baada ya masomo, maana kumzuia michezo na kumlemeza kwa masomo daima kunaufisha moyo wake. Mchezo ni haki yake, msiufanye mshahara. Na picha za watoto na vyeti vyao zisipakiwe mitandaoni bila idhini ya wazazi. Tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na kabla yake tulikuwa na amana.

La mwisho nawageukia akina mama, mama zangu na dada zangu, nawaomba mnipokee kwa moyo mweupe.

Mwalimu anamsikiliza mtoto kwa ghibu, bila kutazama msahafu. Mtoto anasoma, anasita, macho yanakwenda pembeni ya simu, kisha aya inaendelea. Macho pembeni, aya inaendelea. Mwalimu anajua. Sauti yako mama, hata ukinong'ona, maiki inaishika. Unafanya kwa mapenzi, hutaki mwanao aaibike, na hasa hutaki jina lake liwe chini ya orodha. Lakini mtoto anajifunza nini saa ile? Anajifunza kwamba maalim asipoona, hakuna aonaye.

Luqman alimwambia mwanawe nini? Ewe mwanangu, likiwa jambo lina uzito wa chembe ya hardali, likawa ndani ya jabali au mbinguni au ardhini, Allah atalileta. Kwake, mwana, hakuna kamera iliyozimwa. Na masheikh wetu wamekuwa wakisimulia kisa cha binti wa zama za Umar bin al-Khattab, ambaye mama yake alimwamrisha achanganye maziwa na maji. Binti akasema Khalifa amekataza. Mama akasema, Umar hakuoni. Binti akajibu: kama Umar hatuoni, Mola wa Umar anatuona.

Binti yule hakuambiwa na skrini. Alilelewa hivyo. Na atalelewaje mtoto wetu namna hiyo ikiwa kusema kweli kunamletea fedheha? Walimu, hapa jukumu linarudi kwetu. Mtoto anayesema "ustadha, leo sikuhifadhi" apate nini kutoka kwetu? Mimi nasema apate sifa, mbele ya wote, kwa ukweli wake. Kisha apewe aya mbili badala ya tano, na kesho aulizwe hizo mbili. Mkifanya hivyo kwa wiki chache mtaona akina mama wanaacha kunong'ona wenyewe, kwa sababu hakuna tena cha kuficha.

Kabla hatujasimama kwa ajili ya Adhuhuri, nawaomba walimu mfanye jambo moja hapa hapa. Kila mwenye kundi la wazazi afungue simu yake, na kama ina orodha ya waliofeli, aifute sasa. Kisha Jumamosi kila darasa lianze na mzazi na mtoto wakiwa wamekaa pamoja, mwalimu awasomee masharti ya darasa: nini kinasifiwa, nini kinaonywa, kinaonywa vipi, na nani anaambiwa. Yasizidi ukurasa mmoja, na mtoto aruhusiwe kuuliza.

Walimu wa Njombe na Makambako tukutane pale mlangoni baada ya sala, madaftari yenu yapo na tupange yanapanda basi gani. Mwenye swali tutampokea baada ya chakula.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.